Tonge la Mkono wa Kushoto

Madamu wangu wa Doha, niliyemfanyia kazi za ndani, hakuwa Mqatari. Alitoka nchi ambayo miaka ile ilikuwa inapigwa mabomu, na dada yake alikuwa bado huko. Ijumaa moja akarudi kutoka uwanja wa ndege na mabinti wawili wa dada yake, mmoja wa miaka kama minane, mwingine bado mdogo, hajajua kusema. Mama yao alibaki kumuuguza bibi yao.

Nikatandika sufra, nikapakua wali na kuku. Yule mkubwa akaketi, akatia mkono wa kushoto kwenye sinia.

Mimi mtu wa Tanga. Kwetu mtoto akila kwa kushoto anapigwa kofi mkononi tonge lingali njiani, na Waarabu nao ni hivyo hivyo. Nikasema kimoyomoyo, asiyefunzwa na mamaye! Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha jikoni, "Kwa kulia, binti." Akaniangalia tu. Nikamshika mkono wa kulia niulete kwenye sinia, ukagoma. Ulikuwa umekamata kiganja cha mdogo wake, vidole vimekakamaa.

Madamu akanivuta pembeni. Mama yao, alipowapandisha basi la kuwatoa mjini, alimwambia binti asimwachie mdogo wake mkono. Hakumwambia mpaka lini. Basi wamekula hivyo, wameenda chooni hivyo, na mkubwa hajalala, anaogopa vidole vitalegea.

Subhanallah. Kumbe alifunzwa, tena akafunzika kuliko mimi. Nilimwogopa yule mtoto, sisemi uongo, kama unavyomwogopa mtu mzima aliyekuzidi. Lakini asipolala ataugua.

Nikaleta kanga. Nikambeba mdogo mgongoni, mbeleko ya kwetu ile, nikafunga fundo kifuani. Mkubwa akasimama nami, mkono haujaachia. Kwa ule wa kushoto akalivuta fundo. Akalivuta tena kwa nguvu zake zote, nami nikasimama nivutwe. Ndipo akaachia. Akala kidogo, kwa kulia, akalala palepale kwenye zulia na punje za wali vidoleni.

Jioni mama yao akapiga simu. Mkubwa akaanza kulia. "Mama, nimemwachia," akasema. "Lakini amefungwa."

Kisha mama akaomba aongee na mimi. Nilidhani atanishukuru.

"Usimfungue," akasema, "mpaka nije."

Nikamjibu inshallah. Mtoto alikuwa bado mgongoni, amelala.