Laini Moja ya Simu, Ruiru

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhandisi Mkuu wa kiwanda cha nguo pale Thika alinipa bisibisi, koleo na simu ya kupimia laini, akaniambia nisiguse mashine yoyote mpaka nijue kila waya unatoka wapi na unaenda wapi. Wiki tatu nzima nilitambaa chini ya meza za watu nikiandika kwa daftari: jozi hii ni ya ofisi ya mishahara, hii ni ya stoo, hii imekufa. Jozi ni nyaya mbili nyembamba za shaba zinazobeba simu moja. Makarani walinitania kwamba nimeangusha shilingi na nimekataa kukubali kwamba imepotea.

Vijana wa chama chetu cha mafundi ndio walioniomba niandike jinsi kazi ilivyofanywa enzi zetu. Walidhani nitawachekesha. Kwa kweli mambo ya kuchekesha ninayo, lakini kila nikianza kuyasimulia najikuta nimefika Ruiru, na nikifika Ruiru kicheko kinaisha. Kwa hivyo nitapita Thika haraka.

Pale Thika nilikaa miaka kumi na minne nikitunza swichibodi, ile mashine inayogawa laini chache za nje kwa simu nyingi za ndani. Mhandisi Mkuu alikuwa mkali, lakini mkali wa kufundisha. Ukirekebisha kitu hakuuliza kama kinafanya kazi. Aliuliza, "Na nani umemharibia?" Maana katika simu, jamani, ukimpa mmoja laini umemnyima mwingine. Nililisikia swali hilo mara nyingi mpaka nikaacha kulisikia.

Mwishoni mwa miaka ya tisini mwenye kiwanda alinunua shamba la maua kati ya Ruiru na Kalimoni, nikahamishiwa huko. Shamba lilikuwa na laini mbili za nje. Wezi wa shaba wakakata moja nguzo kwa nguzo, ikabaki moja. Wakati huo huo wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wamechoka na faksi, wanataka barua pepe. Meneja Mkuu wa shamba akaniita akasema nimletee intaneti. Hakuuliza kama inawezekana.

Miezi miwili nilisoma usiku na mchana. Nikachukua kompyuta kuukuu iliyotupwa stoo, nikaiwekea Linux, programu ya bure ya kuendesha kompyuta, kutoka kwa diski ya kuazima, nikaiunganisha na modemu. Modemu ni kifaa kinachopiga simu kwa niaba ya kompyuta. Ilipiga kwa kampuni ya intaneti Nairobi, ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha ikatulia, na ile kompyuta kuukuu ikazigawia nyingine nne za ofisi njia ya kutokea nje. Tuliiita geti. Siku ya kwanza barua ilipoingia kutoka ng'ambo, nilijisikia mkubwa kuliko Meneja. Niliipenda geti ile kuliko nilivyowahi kupenda kazi yoyote, na nasema hivyo kwa aibu.

Tulipanga hivi: saa mbili asubuhi geti inapiga, oda za siku zinaingia, saa nne naikata kwa mkono na laini inarudi kuwa ya simu. Shida ilikuwa kwamba kwenye jozi ile ile kulikuwa na simu ya banda la kufungia maua. Mtu akiinua simu pale bandani kabla ya saa nne, modemu inachanganyikiwa na kila kitu kinakatika, oda ikiwa katikati.

Aliyeinua simu sana alikuwa Bakari, msimamizi wa wapiga dawa. Tulimwita Baba Zuhura. Alikuwa Mwislamu, babu yake mmoja alitoka Sudan na mwingine Ukambani, na Kikuyu alikiongea vizuri kunishinda mimi niliyezaliwa nacho. Alikuwa mpole. Mkewe, Mama Zuhura, alikuwa na mimba ya miezi saba kule ndani ya Kalimoni, na mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimetoka. Daktari aliwaambia wazi: damu ikionekana tu, hospitali, msingoje. Barabara yao mvua ikinyesha haipitiki ila kwa gari la nguvu. Kwa hivyo Meneja Mkuu alikubali kwamba mwenye duka jirani yao akipiga simu shambani, pikapu yetu itaondoka saa hiyo hiyo. Wote tulijua mpango huo. Mimi nilikuwepo ulipofanywa.

Lakini Baba Zuhura hakuweza kungoja kupigiwa. Saa tatu, saa tatu unusu, alikuwa anainua simu ampigie mwenye duka kuuliza mama ameamkaje. Geti inakatika. Siku moja oda kubwa ilipotea hivyo mara tatu asubuhi moja, na Meneja Mkuu akanisimamisha mbele ya makarani.

"Fundi, ni wewe uliniambia hii kitu inafanya kazi," akasema. "Basi ifanye. Sitaki kusikia imekatika tena."

Nilitoka pale nimekasirika, na hasira yangu nikaipeleka mahali pabaya. Kesho yake, mvua ikinyesha, nilifanya mambo mawili. Kwanza, kwenye faili la geti, pale unapoandika namba ya kupiga na neno la siri, niliongeza neno moja: persist. Ukiliweka hilo, laini ikikatika geti inapiga tena yenyewe, haichoki na haiulizi mtu. Pili, nilikwenda bandani na koleo. Baba Zuhura alikuwa pale na kikombe chake cha chai. Nikamweleza kwamba naondoa simu mpaka oda ziingie.

"Na mwenye duka akipiga?" akaniuliza.

"Saa nne nitairudisha."

"Sawa, Fundi. Mimi nakuamini."

Nikakata jozi ndani ya kisanduku cha ukutani. Ilichukua sekunde mbili.

Saa tatu unusu gari lilikuja kutoka Thika. Swichibodi ya kiwanda ilikuwa imekufa na Mhandisi Mkuu alinitaka mara moja. Nilifunga chumba cha geti kwa kufuli, kwa sababu nilikuwa nimekataza mtu yeyote kuigusa, nikatia ufunguo mfukoni, nikaingia garini. Ile saa nne haikunijia kichwani hata kidogo. Nilikuwa nawaza swichibodi. Nilifurahi hata, kwamba nimeitwa mimi.

Niliyosikia baadaye ndiyo haya. Saa nne Baba Zuhura aliinua simu, kimya. Akangoja, kwa sababu nilimwambia nitairudisha. Akarudi kazini. Saa tano mwenye duka alianza kupiga kutoka Kalimoni. Laini ilikuwa na shughuli. Akapiga tena, na tena, zaidi ya saa nzima, na kila mara ni ile sauti ya tuu tuu tuu, kwa sababu geti yangu ilikuwa imeshikilia laini. Mwishowe alimtuma mtu kwa baiskeli kwenye tope. Alifika saa saba na nusu. Pikapu iliondoka saa hiyo hiyo, dereva hakupoteza hata dakika. Mama Zuhura alifia njiani, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya mumewe, na mtoto hakupona.

Mimi nilirudi saa kumi na moja jioni. Mlinzi aliniambia langoni. Je, mnajua nilifanya nini kwanza? Sikumtafuta Baba Zuhura. Nilikwenda bandani nikarudisha jozi ile kabla mtu hajafungua kisanduku kuangalia. Kisha nikafungua chumba cha geti na kusoma kumbukumbu zake. Laini haikukatika hata dakika moja tangu saa mbili asubuhi. Meneja Mkuu alichungulia mlangoni. Alikuwa ameshasikia juu ya Mama Zuhura na uso wake ulikuwa mzito, lakini hakuwa ameunganisha mambo hayo mawili. Akasema oda zote zimeingia, angalau hilo limekwenda vizuri.

Walimzika kesho yake. Baada ya wiki moja Baba Zuhura alinikuta stoo. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Fundi, mwenye duka anasema alipiga tangu saa tano. Kulikuwa na nini?"

"Jozi niliirudisha kabla sijaondoka," nikamwambia. "Laini yenyewe ndiyo ilikuwa mbovu siku hiyo."

Akatikisa kichwa polepole. Akasema basi ni mapenzi ya Mungu. Baadaye nilisikia wapiga dawa walipoanza kunong'ona juu yangu, ni yeye aliyewanyamazisha. Aliwaambia laini ilikuwa mbovu, wamwache fundi wa watu.

Nilirudishwa Thika, nikapandishwa cheo. Miaka ikapita, DSL ikafika. Wengi wenu mmeanza kazi na hiyo, wala hamwezi kujua ilikuwa ajabu gani. Ni waya ule ule wa shaba, lakini sauti inapita chini na intaneti inapita juu, na kisanduku kidogo kama kiberiti kinazitenganisha. Niliifunga kwa mikono yangu: modemu mpya, geti ya Linux, jina na neno la siri la kampuni, na kisanduku kile kwenye waya wa simu. Nikiwa bado napima, Meneja wa Mauzo aliinua simu akampigia mkewe kuuliza habari ya mtoto mwenye homa. Kompyuta ziliendelea. Hakuna kilichokatika. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya stoo nikalia mpaka nikaitwa.

Siku ya kustaafu walisoma cheti mbele ya watu. Kilisema nimewahudumia wengi. Nilishukuru nikakaa chini, na pilau ile sikuionja.

Baba Zuhura alifariki mwaka jana. Baada ya mazishi binti yake Zuhura, ambaye sasa ni mama wa watoto watatu huko Mwiki, aliniomba nikamwangalizie intaneti ya nyumbani, inasumbua. Nikaenda. Nikiwa nimepiga magoti chini ya meza yake kama nilivyoanza, aliniletea chai, akasimama hapo.

"Mzee, nikuulize kitu. Ile siku ya mama, simu ilikuwa mbovu kweli? Baba alikuwa anasema hivyo, lakini alikuwa anarudia mno, kama mtu asiyeamini."

Wa kuumizwa na ukweli alikuwa ameshazikwa. Mwajiri wa kunifukuza hakuwepo. Nilikuwa mzee na bisibisi mkononi, na hakuna chochote ambacho ningepoteza ila macho ya binti huyo akinitazama vizuri.

"Ilikuwa mbovu, mama," nikasema.

Akanishukuru. Akaniwekea andazi la kubeba.

Zuhura, simu haikuwa mbovu. Niliikata mimi, nikasahau, na baba yako alikuwa anakuuliza wewe kila aliporudia maneno yale, kwa sababu mimi hakuweza kuniuliza mara ya pili.