Maua Yaliyolika

Usiku kucha Lalla Battoul alisubiri kwenye benchi la kituo cha polisi Meknes. Mwanawe alikamatwa akiwa na bastola ya babu yake. Ikiwa ni ya kale ataachiwa, ikiwa ni ya juzi atafungwa. Asubuhi akaja mjuzi wa silaha za zamani. Alipangusa vidole kwenye kanzu mara tatu, kama afanyavyo siku zote dukani kwake, akafumba macho, akapapasa nakshi za fedha za bastola ile kama anayemgusa mtoto aliyelala.

“Mzee, unaipima homa?” askari akamtania.

“Homa haina, mwanangu. Ina uzee.” Kidole gumba kikatulia. “Maua haya yamechongwa kwa mkono, hakuna mawili yanayofanana. Na hapa yamelika kwa kiganja cha mpanda farasi. Miaka mia na hamsini haipungui.”

Lalla Battoul alikuwa bado anakitazama kile kidole mlango wa mahabusu ulipofunguliwa.