Benchi la Warda linalopandisha ngoma mgongoni

Saa tatu asubuhi, Warda Saidi amepiga magoti ndani ya kibanda chake cha Chikongola, sikio kalilaza juu ya benchi la mbao kama anayesikiliza tumbo la mgonjwa. Chini ya benchi kafunga sabufa mbili. Zinanguruma, lakini muuza vitenge wa jirani wala hageuki. Mngurumo wote unaishia kwenye mbao.

"Bismillahi. Leo ama heri, ama nilichanje kuni," anasema fundi huyu wa spika, mjane wa miaka 44.

Anayesubiriwa ni Mzee Kasiani wa Likombe, mpiga ngoma wa zamani ambaye masikio yamemzimikia. Jumamosi mjukuu wake Rebeka anaolewa, na mzee kasusa.

"Anasema hawezi kukaa akitazama watu wanarukaruka bila sababu," anaeleza mkewe, Mama Elizabeti.

Warda, aliyeishia darasa la saba, aliachiwa ufundi na marehemu mumewe. Wazo la benchi alilipata kwenye simu. Huko aliona watu wakipitisha toni nzito, za mapigo ya taratibu, chini ya muziki. Wanadai mawimbi ya ubongo huyafuata mapigo hayo, na msikilizaji akazama kabisa.

"Ya ubongo nawaachia wenyewe," anacheka. "Mimi nilichoona, muziki ukiukalia, unakuingia."

Mzee anafika, anaketi. Warda anawasha ngoma ya Kimakonde, ile toni nzito ikipita chini ya muziki. Mzee anaruka kama kakalia siafu.

"Hii imekaa motoni mno! Ngozi imekaza! Iteremshe!"

Mama Elizabeti anacheka mpaka anashika ukuta. Kwao ngoma huoteshwa moto kabla ya kupigwa. Ikizidi, sauti hupanda na kukwaruza. Warda naye alikuwa ameitega toni kama ya disko la vijana.

"Subhanallah, nimempikia mzee chakula cha watoto!"

Anashusha toni, anapunguza kasi ya mapigo. Anashusha tena. Mzee kaweka kiganja juu ya mbao, kakunja uso. Mara anainua kidole: hapo hapo!

Kisigino kinaanza. Kisha mikono. Ngoma inapokata, naye anakata. Inaporudi, yeye kesharudi.

"Inapanda mgongoni! Elizabeti, inapanda!"

"Sisi tunasikia, baba, usitupasue masikio," mkewe anamtania huku akifuta machozi kwa kanga.

Mzee hajamsikia. Anamgeukia fundi. "Jumamosi hili likae mbele, karibu na wapigaji. Nyuma sikai."

Warda keshatafuta guta la kulibeba hadi Likombe. Baada ya harusi, Mungu akipenda, anataka kuunda benchi refu, la kukaliwa na wazee sita kama Kasiani.

"Sita baadaye," anadakia Mama Elizabeti, akijibana pembeni ya mumewe. "Kabla ya Jumamosi liongeze liwe la wawili. Harusi nzima mimi sisimami."