Mpira wa Mmanga Uliobaki Pangoni

Mmanga Rajab wa Tibirinzi ni mrefu mpaka anainama kuingia dukani kwake mwenyewe. Anauza saruji. Wateja wengi hawajui kwamba mikono ile inayobeba mifuko ilicheza mpira wa kikapu wa kulipwa miaka kumi na mmoja, kwanza Dar es Salaam, kisha Doha, hadi goti lilipomharibikia. Mimi jirani yake najua, na kusema kweli nilikuwa namwonea kijicho.

Kabla hajavuka bahari, mama yake, marehemu Bi Mwanapili, aliuchukua mpira wake wa kwanza akaupeleka pangoni kwa mizimu, huko Micheweni. Akafukiza ubani, akaweka nadhiri: mwanangu akifika mbali, atakuja mwenyewe kuuchukua. Nadhiri ya pangoni huiondoa yule aliyetajwa, haitumiwi mtu. Mmanga alipofanikiwa akajitia mjuaji, akamwagiza mdogo wake Hafiz apeleke sinia la halua. Hafiz akaweka halua, akauacha mpira, akarudi zake.

Mwaka huu binti wa Mmanga, Yumna, wa miaka kumi na minne, alichaguliwa timu ya mkoa. Tulikwenda uwanjani kumtazama. Kabla ya mtupo wa adhabu aliudunda mpira mara tatu, akajifuta sikio la kushoto, akafumba macho. Mmanga alinibana mkono hadi ukauma. Ile ilikuwa tabia yake yeye, na Yumna alizaliwa baba ameshastaafu.

"Nani kakufunza?" alimuuliza baadaye.

"Mtoto wa pangoni. Hunijia nikilala. Kasema wewe hutaki kuufata mpira wako, basi niufate mie."

Ijumaa ile, watu wakiwa msikitini, Yumna akatoweka. Tulimkuta njia ya Micheweni, miguu mitupu, anatembea huku mkono wake unadunda mpira usiokuwepo. Alikuwa hatusikii, hata tulipomrudisha nyumbani. Nywele zilinisimama, sioni haya kusema.

Jumamosi asubuhi nilimpakia Mmanga kwenye pikipiki yangu. Pangoni, katikati ya vitambaa vyekundu na vyeupe, mpira ulikuwepo. Miaka ishirini na sita, nao umejaa upepo, umekaza, hauna hata vumbi. Mmanga, jitu zima lile, akainama.

"Nimekuja mwenyewe," alisema. "Mwanangu mwacheni. Chukueni chochote chengine."

Nilitamani kumziba mdomo. Chochote! Mtu husema hivyo mahali kama pale?

Akauinua. Ukatoa pumzi ndefu, ukanywea mikononi mwake.

Nyumbani tulimkuta Yumna uani, ameshakula, anacheka na mama yake. Mmanga alilia kwa furaha, nami nikalia naye. Kisha akamrushia Yumna mpira anaochezea mashindano. Ukampiga kifuani, ukaanguka. Yumna akauokota kwa mikono miwili, akaugeuzageuza.

"Baba," aliuliza, "kitu kino cha nini?"