Daktari Aliyesema Kuchambua

Nakumbuka likizo ile, mwanangu, nikiwa kidato cha pili, nimerudi Ilomba kutoka shule ya bweni Iringa, nikamkuta mama yangu ana mimba. Nilikuwa msichana wa haya. Hata kulitazama tumbo lake niliona aibu. Umri ulikuwa umemwendea, nami nilidhani habari hizo kwake zimekwisha.

Nikamsindikiza kliniki. Daktari Mzungu, mgeni bado, alimweleza kuwa akina mama wa umri wake wakati mwingine huzaa mtoto mzito wa akili, mwenye moyo dhaifu. Kwao Ulaya, akasema, siku hizi wanaitazama mimba ikiwa changa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, kisha wanavuta maji kidogo tumboni kwa sindano na kuyapima. Kwetu mashine hiyo haikuwepo. Akatafuta neno, akaokota baya: "Kule tunachambua watoto mapema."

Mama aliinuka, tukatoka. Njiani ndipo aliponiambia, "Umemsikia? Mimi nachambua maharage. Mabovu nawatupia kuku."

Hakurudi tena. Nesi akituma salamu, anaambiwa mama kaenda shamba. Miguu ikavimba hadi kandambili hazimwingii. Hata vidonge vya kuongeza damu alivitupa chooni, akidhani ni vya kumtoa mtoto. Nami, nikuambie kweli, nilimshuku daktari yule kuliko hata mama alivyomshuku.

Shangazi yangu akaja kutoka Kihesa, mwanamke asiyemung'unya maneno. Alimsikiliza mama mpaka mwisho, akasema, "Wifi, mtu huyo umemnunia tu, hujamuuliza. Unataka kutufia hapa jikoni kwa sababu ya neno?"

Kesho yake tukaenda watatu. Mama akamkazia daktari macho. "Mkiikuta hiyo kasoro, mnafanyaje?"

Daktari akawa mwekundu. Akajibu kuwa kwao wengine huitoa mimba, wengine huiacha wakajiandaa.

"Basi niweke kwa hao wa kujiandaa," mama akasema. "Na mwanangu usimchambue."

Alilazwa kwa ajili ya presha, akajifungulia hospitali. Mtoto alizaliwa vile vile alivyohofia daktari, amelegea, kilio hakitoki. Lakini watu waliojua la kufanya walikuwa wamemsubiri. Ndiye mjomba wako Ambakisye, aliyekuwa akikuibia maandazi.

Sasa juzi umerudi kliniki umenuna, eti wanataka kukupiga ultrasound, ile mashine ya mawimbi, waipime shingo ya mtoto waone kama ana dalili ya kasoro ile. Nenda, mwanangu. Ila kabla hujapanda kitandani uliza: kipimo hiki kina hakika, au kinakisia? Mkiona kitu, kinafuata nini, na anayeamua ni nani? Wakikuzungusha, endelea kuwashuku, lakini washuku mbele yao, si huku chumbani umejifungia. Mungu akutunzie tumbo hilo, ampe mtoto pumzi, nawe akupe mdomo wa kuuliza.