Uchafu wa Ngozi

Nilitoka Kenya kuja Kampala kufanya kazi ya maabara, na kwa miaka mingi nilijisifu kwamba namjua mdudu mbaya na mdudu wa kawaida, yaani bakteria, kwa kumtazama tu.

Jirani yangu wa Namuwongo, mke wa askari polisi kutoka kaskazini, alijifungua mtoto njiti. Mtoto alipopata homa, damu yake ililetwa mezani kwangu. Chupa nilimoiweka damu hiyo ikaotesha mdudu niliyemzoea mno, yule anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu bila kumdhuru. Sindano ya kutoa damu ikipita kwenye ngozi, humzoa hadi kwenye chupa. Nikaandika jibu letu la siku zote, wala sikuketi: uchafu wa ngozi. Daktari aliniamini, hakumpa mtoto dawa ya mdudu huyo.

Baada ya siku mbili chupa ya damu ya pili ya mtoto ikaotesha yuleyule. Hapo nikaelewa kosa langu. Kwa mtu mzima huyu ni mpangaji mtulivu. Kwa mtoto wa kilo moja, mwenye mpira mshipani, anaua. Mdudu mwenyewe hakuwa amebadilika hata kidogo. Nilikimbilia wodini na karatasi mkononi, nikakuta kitanda kimeshatandikwa.

Msibani mama yake alinivuta kando.

"Dada, ile karatasi ya kwanza iliandika nini?"

Nikamwambia.

"Uchafu ya ngozi? Ngozi ya nani? Ni mimi tu nilikuwa naweka yeye hapa." Akajigusa kifua.

Nilipaswa kusema kosa ni langu. Kwamba neno lile ni la watu wa maabara, halimhusu yeye, naye ni msafi kuliko mimi. Nilisema, "Pole, mama." Mwoga mkubwa mimi. Mpaka leo nikiona vile vidoa vyeupe kwenye sahani ya kuoteshea, nasikia akiuliza ngozi ya nani.

Sasa ana mtoto mwingine, mnene, mwenye afya tele. Humnyonyesha akiwa amevaa glavu za mpira, na sweta hata jua likiwaka. Jumapili iliyopita alinikuta mlangoni akaninyooshea mtoto, ili yeye aende kunawa mikono kwa maji ya klorini mara nyingine tena.

"Shika wewe, dada. Mkono yako ni safi."

Nikampokea kwa mkono uleule ulioandika uchafu wa ngozi.