Kaseti ya Shangazi Kabula

Leo nimejua nani alifuta wimbo wa shangazi yangu.

Ni mimi.

Shangazi Kabula aliimba hapa Kahama miaka ya themanini. Alitunga mwenyewe, akajirekodi kwenye kaseti moja tu.

Leo, baada ya arobaini yake, tumeiweka kwenye redio. Sauti yake ikaingia, wote tukalia.

Katikati ya ubeti, mtoto akaanza kutangaza mpira!

Jamani, ni mimi, darasa la pili. Shangazi alivunja vijino vya kaseti isirekodiwe tena. Nikaziba matundu kwa karatasi ya daftari, nikarekodi juu yake.

Mama akasema, "Alijua. Alikataza usiambiwe."

Nisemeni tu.

Maana nilizoea kumuuliza, "Shangazi, mbona uliacha kuimba?"

Alikuwa anacheka.